Maharage machanga pwani ya Tanga: jinsi ya kuyalima bila kupukutisha maua

Kila mwaka kaskazi ikishakolea napata picha ileile kwenye simu. Tuta limestawi, majani mapana, kijani kinapendeza, chini ya picha kuna swali: "Mbona hayazai?" Nami nauliza: ulipanda lini? Najibiwa Desemba, au Januari. Hapo dawa sina. Nimeamua kuandika yote mara moja, anayeuliza nimtumie huku.

Ninayoyasema hapa si maharage ya kukausha, yale ya kupika na nazi. Ni yale yanayoliwa na ganda lake likiwa bado changa: unakatakata, unakaanga na karoti au unatia kwenye mchuzi. Sokoni Mgandini mengi huteremka na magari ya Lushoto, ndiyo maana watu wengi huku wanaamini pwani hayakubali. Yanakubali. Ila yana miezi yake.

Kwanza kalenda, mbolea baadaye

Mji wa Lushoto uko juu, mita kama 1,400 kutoka usawa wa bahari. Usiku watu wanajifunika blanketi. Sisi huku Februari mchana ni nyuzi 32 na kupanda, na usiku joto haliondoki. Harage linavumilia joto la mchana kiasi, lakini usiku wa moto unaua chavua. Ua linafunguka, linakaa siku moja mbili, linadondoka, ganda hakuna. Mche wenyewe haujambo, unazidi kutoa majani na kukudanganya.

Kwa hiyo hesabu kinyumenyume. Unataka maua yafunguke Julai na Agosti, kusi inavuma, kipupwe kimeingia, usiku joto limeshuka kukaribia nyuzi 20. Maharage mafupi hutoa maua siku 35 hadi 40 baada ya kupandwa. Basi panda kuanzia wiki ya mwisho ya Mei, masika ikishapungua, mpaka katikati ya Julai. Mimi tuta la kwanza hulipanda mwanzoni mwa Juni, la pili wiki mbili baadaye, la tatu mwanzoni mwa Julai, ili nisichume yote kwa mkupuo mmoja.

Aprili usithubutu. Mvua ya masika itakuozeshea mbegu ardhini, na zitakazopona zitaliwa na magonjwa ya majani.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda Januari, sababu ni kwamba ndiyo nilikuwa na likizo. Tuta la mita 10. Nilichuma maganda manne. Nayakumbuka kwa idadi.

Ukiwa Amani au vijiji vya juu vya Muheza, una nafasi pana zaidi kwa sababu kuna baridi kuliko huku chini. Na kama ni lazima ulime kitu cha ganda wakati wa kaskazi, panda kunde, hasa zile ndefu kama kamba ambazo nazo huliwa na ganda. Kunde ni mtoto wa joto. Usishindane na hewa.

Andaa hivi kabla hujashika jembe

Mbegu. Nunua mbegu ya maharage ya mboga, iliyofungwa na yenye tarehe. Swali ninaloulizwa kuliko yote: "Naweza kupanda ya dukani, yale ya kupika?" Yataota, ndiyo, na maganda utapata, lakini yana uzi pembeni na ngozi ngumu ndani, ukitafuna utatema. Zipo aina mbili. Ya mfupi inasimama yenyewe, inazaa haraka na kumaliza haraka. Ya kutambaa inataka miti, inachelewa wiki mbili hivi, lakini inazaa kwa muda mrefu zaidi. Anza na ya mfupi. Kwa tuta la upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 10 utatumia mbegu kama 300, yaani ukinunua robo kilo, nyingine itabaki. Angalia tarehe kwa macho yako mwenyewe. Niliwahi kuuziwa pakiti iliyopitwa miaka miwili, ikaota mbegu moja katika tano.

Mahali. Jua la kutosha, angalau saa sita kwa siku. Chini ya mwembe hapana. Chini ya minazi iliyopandwa mbalimbali, inawezekana. Pasiwe mahali palipokuwa na maharage, kunde, nyanya au bamia msimu uliopita. Palipokuwa na mahindi ni pazuri sana.

Maji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa karibu na bahari wanapoumia bila kujua. Harage ni katika mboga zinazochukia chumvi kuliko zote. Kisima ambacho minazi yako inakunywa bila kinyongo kinaweza kuua maharage. Onja maji: ukisikia chumvi hata kwa mbali, achana na zao hili, au tafuta maji ya bomba, ya mto au ya mvua. Kisima kilichokuwa kitamu Mei kinaweza kugeuka Agosti, maji ya mvua yakipungua ardhini na ya bahari yakisogea. Onja tena kila baada ya wiki chache. Kiasi: tuta moja la ukubwa niliosema linataka kama lita 60 kwa siku likikomaa, yaani madumu matatu. Kama madumu hayo unayabeba kichwani kutoka mbali, panda nusu tuta.

Mbolea. Samadi iliyooza kabisa, ndoo tatu za lita 20 kwa tuta. Na mbolea ya kupandia yenye fosfati, kama DAP, robo kilo kwa tuta hilo. Urea weka mbali, nitaeleza.

Vifaa. Jembe, reki, kamba na vijiti viwili vya kunyooshea mstari, keni ya kumwagilia yenye matundu madogo, na majani makavu ya matandazo. Ukichagua ya kutambaa, ongeza miti na kamba ya katani. Tanga kukosa katani itakuwa aibu. Mkonge uliingia huku mwaka 1893, ukapandwa Kikogwe, upande wa Pangani, na mpaka leo kamba yake haina mpinzani kwa kazi hii: inashika mche bila kuukata na msimu ukiisha unaifukia pamoja na mabua.

Kazi yenyewe

1. Lima mapema. Wiki mbili kabla ya kupanda, lima kina cha jembe, sentimita 20 hadi 25. Toa mizizi na magugu. Changanya samadi. Udongo wa mchanga usiuinulie tuta. Tengeneza jaruba, yaani sehemu ya kupandia iwe chini kidogo ya njia, ili maji yatulie. Udongo mzito wa mfinyanzi fanya kinyume, inua tuta sentimita 15 hadi 20, kwa sababu mizizi ya maharage ikisimama kwenye maji inaoza.

Tahadhari kwa walio Amboni, Kiomoni na sehemu nyingine zenye mawe ya chokaa: msiongeze chokaa wala majivu shambani. Udongo wenu unayo tayari, na ikizidi majani hugeuka njano. Mwenye wasiwasi apeleke udongo kupimwa. TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo kule Muheza, ni watu wa udongo.

2. Mwagilia udongo siku moja kabla. Siyo baada ya kupanda, kabla. Mbegu iingie kwenye udongo wenye unyevu wa kutosha kuota.

3. Usiloweke mbegu. Najua mahindi na bamia tunaloweka. Mbegu ya haragwe ikiloweshwa usiku kucha hunywa maji kwa pupa, inapasuka, na kinachofuata ni kuoza. Ipande kavu. Na kama mbegu ina rangi nyekundu au kijani, hiyo ni dawa: osha mikono, na iliyobaki usipike wala usiwatupie kuku.

4. Chora mistari mitatu kwenye tuta, sentimita 40 kati ya mstari na mstari. Fungua mfereji, nyunyiza mbolea ya kupandia, ifukie kwa udongo, kisha mbegu zije pembeni yake, sentimita 5 kutoka mbolea ilipo. Mbegu ikigusana na mbolea inaungua. Hili ndilo kosa la pili kwa ukubwa baada ya kalenda, na mtu humlaumu muuza mbegu.

5. Dondosha mbegu moja kila sentimita 10, kina sentimita 3 hadi 4. Mchanga mtupu unaweza kufika 5. Fukia, gandamiza kidogo kwa kiganja. Ya kutambaa: mistari mita moja, mbegu mbili kila sentimita 25.

6. Subiri. Hii hatua nimeipa namba kwa makusudi. Kwa joto letu miche huchomoza siku ya nne hadi ya saba. Kabla ya hapo usimwagilie kwa fujo. Juu pakikauka sana nyunyiza kidogo tu. Maji mengi kabla ya kuota hutengeneza gamba juu ya udongo, na mche wa haragwe hutoka umeinama shingo, ukikutana na gamba unavunjika. Ziba mapengo kwa mbegu nyingine kabla ya siku ya kumi. Ukichelewa, mche mdogo utafunikwa na wenzake.

7. Wiki ya pili na ya tatu, palilia kwa mkono au kijembe kidogo, bila kuchimbua, mizizi iko juujuu. Siku ya 15 hadi 20 pandishia udongo kwenye mashina, ufike karibu na majani ya kwanza. Usiruke hatua hii. Kuna inzi mdogo mweusi, inzi wa maharage, anayetaga mayai kwenye majani ya kwanza. Funza wake hushuka ndani ya shina mpaka usawa wa udongo, shina linavimba na kupasuka, mche unageuka njano na kufa. Ukiupandishia udongo, mche unatoa mizizi mipya juu ya kidonda na unaendelea na maisha. Miche iliyokwisha kufa ing'oe na uichome, usiitupe pembeni ya tuta.

8. Tandaza majani makavu baada ya kupandishia. Pwani yetu mchanga unakauka kati ya asubuhi na adhuhuri. Matandazo yanakupunguzia dumu moja kwa siku. Acha nafasi ndogo kuzunguka shina.

9. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina, majani yabaki makavu. Majani yakilala na maji, magonjwa ya ukungu, kutu na chule, yanakaribishwa. Kwa sababu hiyohiyo usiingie tutani kupalilia wala kuchuma umande haujakauka. Unabeba ugonjwa kwa nguo zako kutoka mche hadi mche. Maua yakianza, usikose kumwagilia hata siku moja. Mche ukinyauka wakati wa maua unadondosha maua hata kama hewa ni ya baridi, na maganda yaliyoshika yanapinda kama ndoano.

10. Urea, sasa. Kama samadi uliweka ya kutosha na majani ni kijani, usiweke kitu. Miche ikipauka yote kwa pamoja wiki ya tatu, mpe kidogo sana, kijiko kimoja cha chakula kwenye keni ya lita 10, umwagie chini, mara moja. Ukizidisha utapata majani ya kulisha mbuzi.

11. Ya kutambaa yawekewe miti kabla hayajaanza kutafuta pa kushika, urefu wa mita 2 hadi 2.5. Mlingoti wa mkonge uliokauka ni mwepesi na unatosha msimu mmoja. Ukiuongoza mche, uzungushe upande ule ambao wenyewe umeanza kuzunguka. Ukiulazimisha upande mwingine utajifungua usiku.

Kuchuma

Maharage mafupi huanza kuchumwa siku ya 45 hadi 50, yale ya kutambaa siku ya 60 hivi. Ganda lililofika lina unene wa penseli, ukilivunja linalia na halitoi uzi, na ndani mbegu ni punje tu. Ukiona uvimbe wa mbegu kwa nje, limepita.

Ukishaanza, chuma kila siku ya pili. Huu si ushauri wa usafi wa tuta. Ndio unaoamua mavuno. Mche ukiachiwa maganda machache yakomae unajua kazi yake imekwisha, unaacha kutoa maua. Jirani yangu alisafiri siku tisa kwenda msibani, aliporudi tuta lilikuwa limestaafu. Shika kikonyo kwa mkono mmoja, vuta ganda kwa mwingine. Ukinyakua kwa mkono mmoja unang'oa na tawi. Tuta kama hilo, likitunzwa, hunipa kilo 8 hadi 12 kwa wiki tatu nne linapozaa.

Weka kwenye pakacha, kivulini, funika kwa kitambaa kibichi. Kwenye kitu kisichopitisha hewa yanatoka jasho na kuteleza kabla hujafika sokoni. Ukiyaweka kwenye friji, yawe sehemu isiyo na baridi kali, baridi ikizidi huyatia madoa. Na usiyale mabichi kabisa. Yachemshe au uyakaange yaive.

Jambo moja zito kuhusu dawa. Kila dawa ya dukani ina siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye kibandiko, kati ya kupiga na kuchuma. Ikiwa ni siku 7 au 14, na wewe unachuma kila siku ya pili, hesabu haikubali. Maana yake dawa kali, kama ni lazima, ipigwe kabla ya maua. Baada ya hapo tumia mwarobaini: twanga nusu kilo ya kokwa kavu, loweka kwenye lita 10 za maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza kipande kidogo cha sabuni ya mche kilichoyeyushwa ili ishike majani. Piga jioni, jua likishatua, kwa sababu jua linaiharibu. Rudia baada ya wiki. Haiui papo hapo kama ya dukani, na anayetaka kuona maiti za wadudu asubuhi atavunjika moyo.

Mambo yakienda kombo

*Maua yanadondoka.* Angalia kalenda kwanza. Kama ni Julai, basi ni maji yamekosekana au urea imezidi.

*Majani ya chini yanaungua kingo, kahawia, miche imedumaa.* Onja maji yako. Kama ni chumvi, badilisha maji, na kwa yale matamu mwagilia mengi kwa mkupuo mara moja ili chumvi ishuke chini. Samadi mbichi ya kuku huleta picha hiyohiyo.

*Majani machanga ya juu ni njano, mishipa imebaki kijani.* Chokaa imezidi kwenye udongo, mche unashindwa kupata madini ya chuma. Urea haitasaidia. Mboji nyingi msimu ujao, na msimu huu vuna ulichopata.

*Ncha za mche zimejikunja, zinanata, sisimizi wanapanda na kushuka.* Wadudu mafuta. Wapukuse kwa maji yenye sabuni wakiwa wachache. Sisimizi si mgeni wa bahati mbaya, anawafuga.

*Majani yana mabaka ya kijani kilichopauka na kilichokolea, yamekunjamana.* Batobato. Ni virusi, hakuna dawa. Ng'oa mche huo leo, na mbegu usichukue kwenye tuta hilo.

*Unga wa rangi ya matofali chini ya jani, ukigusa unabaki kidoleni.* Kutu. Ng'oa majani yaliyoathirika, acha kulowesha majani, na msimu ujao tanua nafasi kati ya miche.

*Miche inanyauka mchana wakati udongo una maji.* Ng'oa mmoja utazame mizizi. Ikiwa myeusi na laini, inaoza, umezidisha maji. Ikiwa na mafundo ambayo hayang'oki kwa kucha, ni minyoo fundo. Hapo panda mahindi misimu miwili. Usichanganye na vijifundo vidogo vya pembeni vinavyobanduka kirahisi, vyenye wekundu ndani ukivipasua. Hivyo ni rafiki, vinalisha mche.

*Maganda yana tundu na uchafu kama unga wa mbao.* Funza. Chuma maganda hayo na uyafukie kwa kina, kisha mwarobaini jioni.

*Mbegu zimepotea kabla hata ya kuota.* Kuku. Wa kwako au wa jirani, hakuna tofauti, wanafukua mstari mmoja baada ya mwingine kama waliokuona ukipanda. Tandika makuti mapana juu ya tuta, yabane kwa mawe, na uyaondoe jioni ile unayoona shingo ya kwanza imechomoza. Ukichelewa siku mbili miche itarefuka myembamba na kulala chini. Mbuzi wanataka uzio.